Eksirei za Nyota Ndogo

Jua hujizungusha kwenye mhimili wake kwa siku 25 hivi, likipimwa katika ikweta yake. Uso wake una joto la nyuzi 5,500 za sentigredi, lakini gesi nyepesi iliyolizunguka, iitwayo korona, hupita nyuzi milioni moja. Gesi yenye joto kali kiasi hicho hutoa eksirei. Nguvu za sumaku, zizaliwazo na mwendo wa Jua lenyewe, ndizo ziipashazo moto.

Eksirei za angani hazipenyi hewa ya Dunia. Hazina budi kupimwa juu yake. Satelaiti ya kwanza ya kazi hiyo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru, na satelaiti ikaitwa Uhuru. Mwaka 1978 Marekani ilirusha chombo cha Einstein, kilichoweza kutambua eksirei hafifu za nyota za kawaida. Vipimo vyake vilionyesha, mwaka 1981, kwamba kasi ya mzunguko wa nyota baridi ikizidi mara mbili, eksirei huzidi kama mara nne. Ongezeko hilo lina kikomo: eksirei zikifikia takriban sehemu moja kwa elfu ya nishati yote ya nyota, haziongezeki tena.

Katika tabaka la nje la Jua, joto hupanda kwa myuko, kama maji yachemkayo chunguni; sehemu ya ndani haichemki hivyo. Wengi walidhani kwamba sumaku huzaliwa mpakani mwa sehemu hizo mbili. Lakini nyota zenye tungamo chini ya theluthi moja ya lile la Jua huchemka hadi kiini, wala hazina mpaka huo. Je, zingefuata kanuni nyingine?

Mwaka 2016 Nicholas Wright na Jeremy Drake walichapisha vipimo vya nyota nne za namna hiyo, zizungukazo polepole. Mojawapo ni Proxima Centauri, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.2 tu. Zote zilifuata kanuni ile ile ya nyota mfano wa Jua, mradi muda wa mzunguko ulinganishwe na muda wa gesi kupanda kwa myuko. Basi mpaka ule si sharti.

Jambo hili lina uzito. Upepo wa gesi, ukishikwa na sumaku, huipunguzia nyota mwendo kadiri inavyozeeka. Proxima, ambayo sasa huchukua karibu miezi mitatu kujizungusha mara moja, ilikuwa na kasi zaidi ujanani, na eksirei zake zilikuwa nyingi zaidi. Sayari yake iliyogunduliwa mwaka 2016 huizunguka kwa siku 11 tu, karibu mno, na eksirei zaweza kumomonyoa hewa ya sayari. Atakaye kujua kama hewa yaweza kudumu huko hana budi kuanza na mwendo wa nyota.

Maswali
1. Kwa nini eksirei za nyota hazipimwi kutoka ardhini?
2. Nyota mbili za ukubwa mmoja, zisizofikia kikomo, hujizungusha kwa siku 20 na siku 10. Ya pili hutoa eksirei mara ngapi zaidi?