SOMO LA MWEZI: CHAZA, KONOKONO NA SUMU YA MAJINI

Wakulima wengi wa Rapsu, Malka Daka na Merti hawajapata kumwona chaza. Yeye ni mnyama wa baharini asiye na miguu wala kichwa, akaaye ndani ya makombe mawili yaliyofungana kama kijisanduku. Huko Mombasa na Lamu hushikamana na mawe na mizizi ya mikoko, na watu humla. Je, mnyama huyo ana shauri gani na mkulima wa Isiolo? Analo, maana yeye na jamaa zake wamewasaidia wataalamu kuijua sumu iliyo majini, na sumu hiyo mara nyingi hutoka mashambani.

Kwa nini chaza ni shahidi mwema

Kwanza, chaza akishashikamana na jiwe hahami. Habari aitoayo ni ya mahali pale pale.

Pili, hula kwa kuchuja maji. Kila siku huvuta lita nyingi, akabakiza chakula na kutoa maji.

Tatu, sumu nyingine hazitoki upesi mwilini mwake. Hujilimbikiza katika nyama yake, hata kiasi kilichomo ndani yake kikazidi mara nyingi kile kilichomo majini.

Ukichota maji kwa chupa ukayapeleka kupimwa, utajua habari ya saa ile uliyochota, basi. Sumu iliyopita jana usiku imekwisha kwenda zake. Lakini chaza ameiweka, naye akipimwa atatoa habari za majuma na miezi iliyopita.

Kati ya 1965 na 1972 wataalamu wa Marekani walikusanya chaza na jamaa zake katika pwani za majimbo 15, wakawapima ili kutafuta DDT na dawa nyingine za wadudu. DDT ilionekana karibu kila mahali. Sehemu kubwa ya dawa ile haikumwagwa baharini, bali ilinyunyiziwa nchi kavu, nayo mito ikaichukua. Kiasi chake katika chaza kilipanda hadi 1968, kisha kikapungua kadiri watu walivyopunguza kuitumia. Mwaka 1972 nchi ile ikaipiga marufuku mashambani. Tangu 1986 Marekani imekuwa na mpango wa taifa wa kuwapima wanyama hawa. Basi tunajifunza mambo mawili: dawa ya shamba husafiri mbali, na watu wakijirekebisha maji hupata nafuu.

Mto wetu hauna chaza

Ewaso Nyiro hutelemka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ukapita katika mashamba ya Laikipia, ukafika kwetu, kisha ukaishia katika kinamasi cha Lorian. Kwa kawaida haufiki baharini. Kwa hiyo lililotiwa katika maji haya halina bahari ya kulipokea. Hubaki kwa watu na mifugo ya nchi hii hii.

Hata hivyo mto na mifereji ina mashahidi wake: wadudu wadogo wa majini na konokono. Hawa hushuhudia kwa njia nyingine. Chaza huiweka sumu, na mtaalamu huitafuta kwa mitambo. Wadudu hufa, na jambo hilo mkulima aweza kuliona kwa macho yake.

Wa kwanza kufa ni wadudu walio wepesi kudhurika, kama yule mdogo mwenye mikia mitatu myembamba anayejibandika chini ya mawe. Konokono wengi huvumilia zaidi. Hapo ndipo penye hatari. Mnamo 2020 wataalamu wa icipe ya Nairobi, pamoja na wenzao wa Ujerumani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mahali 48 magharibi ya Kenya, karibu na Ziwa Victoria. Waliona ya kuwa konokono wanaoeneza kichocho huvumilia dawa za wadudu ambazo huua wanyama wengine wanaogombea chakula nao. Majirani wakiisha kufa, konokono hubaki peke yao na chakula tele.

Angalia, basi. Mkulima huosha bomba lake la dawa mferejini akidhani sumu imekwenda na maji. Kumbe amewafyekea konokono wa kichocho shamba lao, na watoto wake huoga papo hapo.

Namna ya kuuchungua mfereji

1. Chagua mahali pawili: juu ya mashamba na chini ya mashamba. Maji yawe ya kina kifupi, yapitayo juu ya mawe, wala pasiwe na mamba.
2. Vaa buti za mpira na glavu za mpira. Usiingie miguu mitupu, kwa sababu ya kichocho.
3. Inua mawe kumi, moja moja. Yasugue taratibu ndani ya beseni jeupe lenye maji.
4. Hesabu aina za wadudu, si wingi wao tu. Andika katika daftari pamoja na tarehe.
5. Fanya hivyo kila mwezi. Baada ya mafuriko ngoja majuma machache, maana mafuriko nayo huwakokota wadudu.

Ikiwa juu ya mashamba kuna aina nyingi na chini yake wamebaki konokono tu, dalili ya mvua ni mawingu. Huenda ni dawa, huenda ni samadi au tope jingi. Macho hayawezi kuamua. Mpelekee Bwana Shamba daftari lako, ili maji yapelekwe kupimwa. Wala usiseme maji ni salama ya kunywa kwa sababu umeona wadudu wengi.

Mambo ya kushika

Changanya dawa mbali na mfereji, ukichukua maji kwa ndoo. Usilichovye bomba majini.

Chombo cha dawa kikiisha, kisuuze mara tatu, na maji yale uyatie katika bomba uyanyunyizie shambani. Kisha kitoboe. Kisitumiwe kamwe kuwekea maziwa wala maji.

Usinyunyizie wakati mvua i karibu, wala wakati maji yanapita shambani.

Acha ukanda wa majani baina ya shamba na mfereji, usiulime.

Mtoto akikojoa damu, mpeleke zahanati upesi. Kichocho kina dawa.

Fahamu ya kuwa mfereji ni wa wote. Aliye juu akikosa, anayeumia ni aliye chini. Na kila mmoja wetu yuko chini ya mwingine.

Maswali ya kujijibu

1. Kwa nini chaza hutoa habari zaidi kuliko maji ya chupa?
2. Kwa nini konokono wengi peke yao si dalili njema?
3. Juma lililopita uliosha bomba lako wapi?