KUHESABU NDEGE WA KINAMASI

Mto Ruhuhu unaingia katika Ziwa Nyasa karibu na Lituhi. Kando ya mito na ziwa, mahali ambapo ardhi ni tambarare na maji yametulia, huota matete. Mahali kama hapo huitwa kinamasi.

Je, utajuaje kama hali ya kinamasi ni nzuri? Njia moja ni kuwahesabu ndege wake. Mdiria na mnandi hula samaki. Korongo hula samaki na vyura. Samaki na vyura wakipungua, ndege hao huhamia kwingine. Kwa hiyo ndege hutupa habari za viumbe tusiowaona majini.

Mwezi wa Novemba wapo pia wageni. Mbayuwayu wengi huzaliwa Ulaya. Baridi inapokaribia huko, wadudu warukao huadimika. Mbayuwayu huvuka jangwa la Sahara na kuja kwetu. Jioni hulala kwenye matete. Matete yote yakichomwa, watalala wapi?

JARIBIO

Fanyeni matembezi haya pamoja na mwalimu wenu.

1. Ondokeni asubuhi na mapema. Katika kila kikundi, mmoja ahesabu na mwingine aandike.
2. Tembeeni kimya, kwa kufuatana. Msiingie majini, kwani mna mamba na vijidudu vya kichocho.
3. Hesabuni ndege walio mbele yenu. Ndege akiruka kutoka nyuma yenu kwenda mbele, msimhesabu tena.
4. Msipoona ndege wa aina fulani, andikeni 0. Sifuri nayo ni jibu.
5. Rudieni kila mwezi, kwa njia ileile na saa ileile.

Tuseme mmehesabu yangeyange 14 Novemba, na 6 Januari. Msiseme upesi kwamba wamekufa. Huenda mvua imenyesha nao wamehamia mashambani. Linganisheni Novemba ya mwaka huu na Novemba ya mwaka ujao. Wataalamu nao hufanya hivyo. Tangu mwaka 1967 ndege wa majini huhesabiwa kila Januari, na leo nchi nyingi hushiriki.

MASWALI

1. Kwa nini mbayuwayu huondoka Ulaya?
2. Kuna hatari gani kumhesabu ndege mmoja mara mbili?
3. Mwanafunzi hakuona mnandi, akaandika 2 ili asichekwe. Amewakosesha wenzake habari gani?