Anzia Benchini Muhoroni: Jinsi ya Kuunda Kikosi cha Utafiti wa Afya ya Wanawake

Mama mjamzito akifika kliniki ya Muhoroni, mji wa miwa katika Kaunti ya Kisumu, viganja vimepauka, kila mtaalamu ana lake la kusema. Mkunga anaona upungufu wa damu. Wa maabara anatafuta malaria na minyoo. Mtaalamu wa lishe anauliza jana alikula nini, na daktari anayelijua eneo hili la ziwa anaulizia seli mundu. Wote wana haki, lakini mwili ni mmoja. Ikiwa unafanya kazi katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo watu wa Kisumu wangali wanaiita Russia, au unafundisha udaktari Chuo Kikuu cha Maseno, na unataka fani hizi zitafiti pamoja, fuata hatua hizi.

1. Tafuta swali kabla ya kutafuta ufadhili. Panda matatu kupitia Ahero, Awasi na Chemelil, ukae kwenye benchi la kliniki ya wajawazito kutwa nzima. Kwa ruhusa yao, omba kuona Kitabu cha Mama na Mtoto, kile kinachotunzwa ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe. Tazama kisanduku cha hemoglobini. Kikiwa kitupu, uliza kwa nini. Je, vifaa vya kupimia viliisha? Mama hakuwa na pesa? Au foleni ya maabara ilikuwa ndefu naye alitakiwa kurudi kwenye shamba la miwa? Kisanduku kimoja kitupu ni swali la maabara, la uchumi na la ajira kwa pamoja. Hapo una utafiti.

2. Waite watu kabla ya kuandika pendekezo. Mwanasosholojia anayeletewa dodoso lililokamilika hana la kuongeza. Mwite mapema, pamoja na mkunga, mwanatakwimu, mfamasia na mhamasishaji wa afya ya jamii anayezijua nyumba za wakata miwa. Usimsahau mfamasia. Yeye ndiye atakayewakumbusha kwamba foliki ya miligramu 5 hudhoofisha vidonge vya SP vya kuzuia malaria, na kwamba mama mwenye virusi vya UKIMWI anayemeza septrini hapewi SP. Mambo hayo mawili yakisahaulika, hesabu zenu zote zitapinda.

3. Wasikilizeni washiriki tangu siku ya kwanza. Bondo, kaskazini mwa ghuba ya Winam, ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti wa FEM-PrEP, uliopima iwapo kidonge cha kila siku kingewakinga wanawake dhidi ya virusi vya UKIMWI. Walioshiriki, asilimia 95 walisema wanakimeza. Damu iliyopimwa ilionyesha dalili za dawa kwa chini ya asilimia 40. Utafiti ulisimamishwa mwaka 2011 bila jibu. Wanawake wa Bondo na wa Pretoria, Afrika Kusini, walipohojiwa baadaye, baadhi walieleza kwamba waliihofia dawa ambayo bado inajaribiwa, na wengine kwamba watu wao wa karibu waliwakatisha tamaa. Kwa hiyo pangeni mahojiano na vipimo viende sambamba, mkutane kila mwezi kulinganisha kinachosemwa na kinachoonekana maabara.

4. Andikeni mapatano. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nani atatunza takwimu? Jina la nani litatangulia kwenye makala? Muuguzi atalipwa kwa saa za ziada? Nauli ya mhamasishaji imo kwenye bajeti? Wekeni sahihi pesa zikiwa bado hazijaingia.

5. Anzeni vibali mapema. Pendekezo hupita kwanza kwa kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), kisha idara ya afya ya kaunti. Mkijaribu dawa, Bodi ya Famasia na Sumu nayo inahusika. Fomu ya ridhaa iwe kwa Kijaluo, Kiswahili na Kinandi, kwa sababu Muhoroni iko karibu na mpaka wa Nandi na viwanda vya sukari vimeleta watu wa kila upande. Isomeni kwa sauti mbele ya mama asiyesoma, kisha mwambieni awaeleze alichoelewa.

6. Lengeni jibu ambalo serikali inaweza kulitumia. Katika utafiti wa KEN SHE, wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walishiriki Kisumu, Thika na Nairobi. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba dozi moja tu ya chanjo ya virusi vya HPV ilizuia maambukizi sugu ya aina 16 na 18, zinazoongoza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilikubali ratiba ya dozi moja. Swali lilikuwa jepesi kutamka: je, moja inatosha? Lenu nalo liwe hivyo.

7. Rudisheni majibu. Kabla makala haijachapishwa, itisheni baraza Muhoroni mwaeleze mlichokipata, hata kama hakipendezi. Mwaka ukipita, rudi kwenye lile benchi, omba tena kuona vitabu. Visanduku vya hemoglobini vikiwa bado vitupu, kazi yenu haijaisha.