Kompyuta ya zamani, umeme wa nani?

Swali: Mjomba aliniachia Commodore 64. Nataka kufunga Raspberry Pi Zero ndani yake. Je, ichukue umeme humohumo? – Msomaji, Mbalizi

Jibu: Hapana. Pini ya volti 5 kwenye tundu la nyuma la vifaa hutoa miliampia 100 tu. Pi huhitaji zaidi. Ninachokihofia hasa ni adapta ya asili: ikizeeka, volti 5 hupanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Ipime kwa mita kwanza, ikizidi 5.25, achana nayo. Pi ipewe chaja yake, kisha unganisha hasi za pande zote mbili, chanya kamwe. Nyaya za data zipitie kibadilisha volti, kwa sababu pini za Pi huvumilia 3.3 tu.