Kuboresha Sauti ya Spika za Bei Nafuu kwa Usalama

Kabla ya kutupa spika zinazovuma au kukwaruza, anza na hatua zisizo na gharama. Zisogeze mbali na kona ya chumba, kwa kuwa kona huzidisha besi. Ziinue hadi usawa wa masikio ya aliyeketi, kisha kaza skrubu zilizolegea.

Iwapo kasha la spika halina amplifaya ndani wala waya wa kwenda kwenye soketi, waweza kuendelea. Soma kwanza masharti ya dhamana, maana kufungua kasha huweza kuibatilisha. Ziba mianya inayozunguka koni kwa ukanda mwembamba wa sponji. Ndani tandaza pamba iliyochambuliwa, ambayo mkazi wa Maswa hahitaji kuifuata mbali. Hunyonya mwangwi unaorudi ndani ya kasha. Isishindiliwe, isiguse koni, wala isizibe tundu la hewa.

Sabufa yenye amplifaya ndani ni jambo jingine. Humo huingia umeme wa volti 230, transfoma hupata joto, na pamba hushika moto upesi. Kapasita nazo huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Usiifungue, mpelekee fundi mwenye ujuzi. Akibadilisha spika ya ndani, hakikisha omu zilizoandikwa ni zile zile, kwani zikipungua amplifaya huelemewa na huweza kuungua.

Dai risiti inayotaja kazi iliyofanyika na kifaa kilichobadilishwa. Bila hiyo, ni vigumu kuthibitisha dai lako.