MKONO WA BANDIA KWA MTOTO

Soma Marko mlango wa 3. Bwana Yesu alipomwona mtu aliyepooza mkono, alimsimamisha katikati ya watu wote. Lakini wazazi wengine humficha nyumbani mtoto aliyekatwa mkono, wala hawampeleki shuleni. Ninyi wazazi wa Kanyaruchinya, msifanye hivyo. Mtoto huyu anaweza kusaidiwa.

Kwa nini mkono wa mtoto ni kazi ngumu?

Mtu mzima akipimwa, hutumia mkono wake miaka kadhaa. Mtoto hukua. Mkono uliomfaa mwaka huu utambana baadaye, naye atahitaji mwingine. Kwa sababu hiyo bei ni jambo kubwa.

Wanafunzi walifanya nini?

Mwaka 2014 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Central Florida, Marekani, walimtengenezea mtoto wa miaka 6 mkono kwa vifaa vya dola 350 hivi. Waliuchora kwa kompyuta, kisha mashine ikayeyusha plastiki na kuiweka tabaka juu ya tabaka mpaka mkono ukatokea. Mtoto akikua, mchoro huongezwa kipimo, na mkono mwingine hutengenezwa.

Mkono ule ulitumia umeme. Iko aina nyingine isiyohitaji umeme: mtoto akikunja kifundo cha mkono, kamba huvuta vidole navyo hushika. Aliyebaki na kiwiko tu hukunja kiwiko.

Kwetu Afrika wako mafundi pia. Shule ya TATCOT, Moshi, Tanzania, ilianza kuwafundisha mwaka 1981. Mjini Goma, uliza habari za kituo cha Shirika la Umoja.

Jinsi ya kutunza kigutu

1. Kioshe kila jioni kwa maji safi na sabuni. Kikaushe vizuri.
2. Kitazame kila siku. Ukiona malengelenge, kidonda, au wekundu usiotoka, vua mkono wa bandia, umpeleke mtoto kwa mganga.
3. Kunja na kunyosha viungo vilivyobaki kila siku, visikakamae.
4. Mtoto auvae muda mfupi kwanza, kisha ongeza kidogo kidogo.
5. Asishike sufuria ya moto kwa mkono huo, maana plastiki hulainika. Asibebe nao bidoni ya maji.

Mtoto akifanya kazi zake vema kwa kigutu bila mkono wa bandia, usimlazimishe. Mkono ni chombo cha kumsaidia, si cha kuficha aibu. Hana aibu yoyote.

Onyo: Vita huacha mabomu ardhini. Wafundishe watoto wasiguse chuma wasichokijua, hata kikiwa kidogo. Wakimbilie kumwambia mtu mzima.

Maswali

1. Kwa nini mtoto huhitaji mkono mpya akikua?
2. Utafanya nini ukiona kidonda katika kigutu?
3. Katika kanisa lenu, yuko mtoto anayefichwa? Nani atakwenda kuwatembelea wazazi wake juma hili?