Ndege Wawili wa Shelisheli na Mkoba wa Mgeni

Kisiwani Cousin, Shelisheli, kuwatofautisha ndege hawa wawili waimbaji si kazi. Pi Santez, kama Wakrioli wanavyomwita, ana urefu wa sentimita 25 hivi. Ni mweusi wa kung'aa kibuluu, na kila bawa lina baka jeupe. Timerl Dezil ni mdogo, wa kahawia iliyofifia, hana pambo. Ukimkaribia mtazame jicho: la kinda ni la kijivu, la mkubwa ni la kahawia nyekundu. Wengi wana pete za rangi miguuni ili watafiti wamjue kila mmoja. Usidhani wamemtoroka mfugaji.

Wote walinusurika chupuchupu. Kufikia 1968 Timerl Dezil walibaki wapatao 26 duniani kote, wote hapo Cousin, kisiwa kisichofika hekta 30 kilichokuwa kimegeuzwa shamba la minazi. Mwaka huo kikanunuliwa kiwe hifadhi, na msitu wa asili ukaachiwa urudi. Kisiwa kilipojaa, ndege 29 walihamishiwa Aride mwaka 1988, kisha wengine Cousine, Denis na Frégate. Leo ni maelfu, nao wako daraja la "karibu na hatari" katika Orodha Nyekundu ya kimataifa.

Pi Santez hakupata nafuu ya haraka hivyo. Katikati ya miaka ya 1960 walikadiriwa 12 hadi 15, wote Frégate. Mlo wake ndio uliomponza. Mwenzake hudonoa wadudu juu mitini. Yeye huwatafuta ardhini, kwenye majani makavu, tena hupenda kufuata kobe wakubwa, hata watu, ale wanachofukua kwa miguu. Mazoea hayo ni karamu kwa paka na panya. Paka waliangamizwa Frégate, ndege wakapelekwa visiwa vingine, na mwaka 2005 Pi Santez akashushwa kutoka "hatarini mno" hadi "hatarini kutoweka". Lakini kabla ya hapo panya waliingia Frégate mwaka 1995, na hawakumalizwa hadi 2000.

Ndiyo maana, ili panya wasiingie, boti ya wageni haifiki ufukweni Cousin: hukaa majini, nawe hupandishwa boti ya hifadhi. Usinung'unike. Kabla ya safari fungua kila mfuko wa mkoba, kung'uta viatu, funga chakula vizuri. Pi Santez akikusogelea miguuni, usimtupie makombo. Ukiona panya, au hata kinyesi chake, mwambie mlinzi papo hapo. Usingoje kurudi hotelini.